Mtungi wa Shemeji

Treni ya kutoka Lalgola ilisimama katikati ya mashamba ya juti bila kumwambia mtu sababu, kama ilivyozoea, na behewa la wachuuzi likaanza kuiva. Mlikuwa na vikapu vya pilipili, matita ya majani ya tambuu, madebe ya maziwa, na mbuzi mmoja ambaye ndiye pekee aliyepata nafasi ya kunyoosha miguu. Panchu Haldar alikuwa amechuchumaa sakafuni karibu na mlango, mtungi wa alumini kila upande, mkono mmoja ndani ya kila mtungi, akipiga maji. Chwap, chwap. Chwap, chwap.

Kazi hiyo haina siri. Vifaranga wa samaki, rui na katla, walioanguliwa juzi huko juu ya mto yaliposhuka mafuriko ya kwanza, ni wembamba kama kope. Wanabanwa maelfu kwa maelfu ndani ya mtungi mmoja. Mkono ukipiga maji wanapata pumzi. Mkono ukisimama wanakufa. Ndiyo maana wabebaji wa vifaranga hula kwa kulishwa, hujikuna kwa kusugua mgongo ukutani, na nzi akitua puani humwomba kwa heshima zote aondoke.

Mtungi wa kulia ulikuwa wake. Wa kushoto ulikuwa wa shemeji yake Nirupama, mjane wa kaka yake Shasthi. Yote miwili ilitoka kwa fundi mmoja na ilibonyea pale pale, basi Nirupama aliufunga wake shingoni ukanda alioupasua kwenye kitambaa cha miraba ambacho marehemu alikuwa akijifutia jasho.

"Shemeji," alimwambia asubuhi ile, matope yakiwa yamemfika magotini, "mimi siwezi kuacha wavu, maji bado mekundu, vifaranga bado wanashuka. Nakuachia wewe."

"Niachie tu. Mkono wa kushoto ni wako, wa kulia ni wangu. Nikiwashwa nitajikuna kwa ulimi."

Nirupama hakucheka, lakini alitaka kucheka, na kwa mwanamke ambaye hajamaliza hata mwaka tangu afiwe na mume, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Joto lilizidi. Mwuza maziwa mmoja akaanza kuitukana serikali, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka akakaribia waziri. Mwenzake akamkata kauli: "Acha siasa, tutachemka zaidi. Panchu! Tupe ile ya Mwenyekiti na mwavuli."

"Nina kazi."

"Kazi ya mikono. Tunaomba mdomo."

Hapo ndipo walipokosea wote, kwa sababu hadithi ya Mwenyekiti na mwavuli haisimuliki kwa mdomo peke yake. Mwenyekiti wa chama cha wavuvi, Jogesh Barman, amesimama ukingoni siku ya sikukuu, anawahakikishia wanachama kwamba ukingo huu ni imara na mto hautakula tena hata kiganja cha ardhi. Na ukingo, pwaa! unamwondokea chini ya miguu. Sasa ndio mkono wa kulia unaingia kazini: mwili wote wa Mwenyekiti umezama, umebaki mkono umeshika mwavuli, umenyooka juu ya maji bila kutikisika, na sauti inatoka chini ya mwavuli, "Ndugu wanachama, kama nilivyokuwa nikisema…"

Behewa lilipasuka. Mtu alilia kwa kicheko. Wakamwomba arudie pale pa mwavuli, akarudia. Wakataka na ile ya Mwenyekiti na daktari wa meno, nayo ina mambo ya kidole. Mkono wa kushoto, ambao haukuwa na lolote la kufanya katika hadithi hizo, uliendelea peke yake, chwap, chwap, kama punda anayeijua njia.

Treni ilipostuka na kuondoka, Panchu alichungulia mtungi wa kulia. Kifaranga aliye hai haonekani, ni kama maji yaliyoota macho. Hawa walikuwa wakionekana. Walikuwa weupe, wametanda juu ya maji kama povu la mchele unaoanza kuchemka.

Aliingiza mkono akapiga maji kama mwenda wazimu. Hakuna aliyeamka. Watu walikuwa bado wakijifuta machozi, na mwuza maziwa alimpiga begani: "Wewe Panchu, utatuua!"

Panchu alitabasamu. Uso ulitabasamu wenyewe, kwa mazoea. Kichwani aliona mabati. Mto ulikuwa umekula kijiji chao msimu uliopita, nyumba, mtaa, na kisima, na sasa wote waliishi juu ya tuta, turubai kwa turubai. Alikuwa amemwahidi mkewe Shefali kwamba mvua kubwa hazitamkuta chini ya turubai. Mabati yalikuwa ndani ya ule mtungi wa kulia, na sasa yalikuwa yameelea juu ya maji.

Vidole vyake vilikwisha kufungua fundo la kitambaa cha miraba kabla yeye hajaamua lolote. Hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye, na ni uongo. Fundo la Nirupama lilikuwa fundo la mvuvi, nalo halifunguki bila mtu kulikusudia.

Treni ilipoingia Naihati, penye soko la vifaranga, kitambaa cha miraba kilikuwa kimefungwa kwenye mtungi wa maiti.

*

Mnunuzi wa sokoni alichota vifaranga kwa bakuli jeupe, akaliinamisha kwenye jua, akawatazama muda mrefu kwa mtu mwenye haraka.

"Hawa wa mtoni kweli, siyo hawa wa kuzalishwa kwenye matangi," alisema. "Na wametulia. Nani aliyewakalisha shimoni?"

Vifaranga wakitoka wavuni hukalishwa kwanza kwenye shimo la matope ukingoni, wazoee kubanwa. Kuna watu wana mkono wa kazi hiyo na kuna watu hawana. Shasthi alikuwa nao. Nirupama alijifunza kwake, na kwa siri wengine walikuwa wakisema amempita.

"Mimi," akasema Panchu.

"Endelea hivyo hivyo, ndugu yangu. Una mkono."

Alilipwa vizuri. Nyuma ya stesheni akamwaga mtungi wa pili, na mbwa mmoja akaja kunusa, akaona hakuna kitu, akaenda zake.

Nirupama alikuwa akimngoja chini ya tuta. Hakukimbia kumlaki, aliosha mikono kwanza, akajifuta, akapanda. Alipoona jinsi mtungi wenye kitambaa ulivyoshikwa, ukining'inia kidole kimoja, alijua.

"Wangapi?" aliuliza.

"Wote, shemeji."

"Mkono ulisimama?"

Panchu alikuwa ameandaa majibu mengi njiani, lakini hili hakuliandaa. Lilikuja lenyewe, laini, limenyooka.

"Mkono haukusimama. Walikuwa wamechoka tangu shimoni. Mimi nilipiga maji mpaka bega likatoka, wakawa wanazama mmoja mmoja."

Nirupama alitazama viganja vyake. Akavigeuza, akatazama na nyuma. "Labda matope," alisema polepole. "Niliweka matope mengi. Shasthi alikuwa akiniambia, punguza matope." Kisha akamtazama shemeji yake. "Pole na wewe. Umechoka. Shefali amekuwekea wali."

Akauchukua mtungi wake mtupu, akaondoka nao kifuani kama anayebeba mtoto aliyelala.

*

Mabati yalipanda baada ya siku chache. Shefali alisimama chini akiyapigia makofi kila moja lilipogongelewa, na majirani walikuja kutazama, wengine kwa furaha, wengine kwa kupima. Shangazi Khanto, kikongwe wa turubai la tatu ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote ila alimtukana kila mtu kama ndugu, alilitazama paa jipya na kutema tambuu.

"Sasa mtakuwa mnalala kama mabwana. Panchu, usisahau kukoroma Kiingereza."

"Nitajifunza, shangazi."

Mvua ya kwanza ilipopiga, mabati yalilia kama ngoma ya harusi. Nirupama alikuja mbio kutoka turubai lake, hatua chache tu pembeni, akiwa na gunia la mchele kichwani.

"Shefali mdogo wangu, niwekee hili. Kwangu kunavuja mpaka kwenye jiko."

"Ingia, dada, ingia. Kaa mvua ipite."

Alikaa mlangoni, hakuingia ndani kabisa. Alilitazama paa. "Limekaa sawa," alisema. "Shasthi angefurahi. Alikuwa akisema Panchu hatajenga kitu mpaka apate mke wa kumsukuma."

"Nimesukuma mpaka nimechoka!" Shefali alicheka.

Panchu alisema ana kazi nje. Akatoka kwenye mvua, akasimama nyuma ya nyumba chini ya maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye mabati, mpaka Shefali akamwita kwa ukali aache kujifanya bata.

Maneno yalianza sehemu mbili, tatu, kisha yakawa yako kila mahali. Mitungi miwili imeondoka siku moja, treni moja, kwa mtu mmoja. Wa mwanamume umefika, wa mjane umekufa. Unataka ushahidi gani? Wazee wa chama walikuwa wamesema tangu mwanzo wa msimu kwamba mjane hagusi mavuno ya kwanza ya mto, na kwamba Mama Ganga, mungu wa mto, ana macho. Mwenyekiti Jogesh alilisema hilo akinywa chai kwenye kibanda cha stesheni, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mimi binafsi simchukii," alisema. "Ni mama mwenye heshima. Lakini pale mkunjoni ni pa kila mtu. Mkono mbaya pale unafunga riziki ya tuta zima. Jumapili tutapagawa upya."

Mkunjo ni mahali ambapo mto unapinda na kuusukumia ukingo maji yake. Vifaranga hujazana wavuni wenyewe. Kwingine kote ni kuokoteza. Palikuwa pa Shasthi, na alipokufa Nirupama alishuka majini na vigingi vyake, akafunga wavu bila kumwomba mtu ruhusa. Akipapoteza, hatakuwa na kilichobaki juu ya tuta lile. Ana kaka yake huko mjini Katwa, na kaka ana mke, na wifi huyo tayari alikwisha kutuma ujumbe kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia vyombo.

*

"Kuna nini na wewe?" Shefali aliuliza. Alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Tangu Naihati hujanitania hata mara moja. Nimeshaanza kujiona mke wa mtu mwingine."

Panchu alikuwa akishona wavu. Alitoboa kidole, akakinyonya.

"Waliokufa walikuwa wetu," alisema.

Shefali aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa. Akatoa lingine.

"Wetu vipi?"

"Wetu. Wa kulia. Nilikuwa nikiwasimulia watu, mkono ukatoka. Wa dada yako walifika wazima kabisa. Mnunuzi aliwasifia."

Sasa sinia la mchele lilikaa kimya kwenye mapaja yake. Shefali alitazama juu, kwenye paa lake. Alitazama kwa muda, bati kwa bati, kama mtu anayeagana na watoto.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Basi nyamaza." Alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Msimu ujao utambebea bure. Utampa nusu ya wetu. Utampa wote! Lakini sasa nyamaza. Ukisema leo, tutalala wapi? Na nani atakupa mtungi wake tena umpelekee? Wewe mvuvi, Panchu? Wewe ni mbebaji. Hicho ndicho ulicho nacho."

"Jumapili wanamnyang'anya mkunjo."

"Wanamnyang'anya kwa sababu ni mjane. Wangepata sababu nyingine."

"Sababu hii nimewapa mimi."

Shefali akarudi kwenye mchele, akachambua kwa bidii kubwa, na Panchu aliona kwamba alikuwa akitupa punje nzima na kubakiza mawe.

*

Kikao cha chama hufanyika kwenye baraza la shule ya msingi, kwa kuwa shule ndiyo jengo pekee ambalo mto bado haujalitamani. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Wanawake si wanachama. Nirupama alisimama nje chini ya vigae vya paa, sari yake nyeupe imelowa pindoni, na Shangazi Khanto akasimama naye, si kwa kumtetea, alisema, ila miguu yake imegoma kwenda mbali.

Jogesh alisoma ajenda ya kusafisha ghati, zile ngazi za kushukia mtoni, ajenda ya kuku wa katibu walioharibu nyavu, kisha akakohoa.

"Mkunjo. Mnajua yaliyotokea. Sitaki kumwaibisha mtu. Napendekeza pahali pale parudi kwa mwanamume, na kwa kuheshimu ukoo wa marehemu, pabaki kwa Haldar. Apewe Panchu."

Watu waliitikia vizuri. Lilikuwa pendekezo la busara, na kila mmoja aliona aibu yake imepunguzwa. Dukhu, mvuvi wa kigingi cha pili, hata alimpongeza Panchu kwa kumpiga paja.

Panchu alisimama. Dawati lilisimama naye, limemng'ang'ania, ikabidi alisukume. Watu walikwisha kuanza kutabasamu.

"Waliokufa walikuwa wangu," alisema. "Wa Nirupama walifika. Nilihamisha kitambaa kutoka mtungi hadi mtungi. Nikauza wake, nikanunua mabati."

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya cha kweli, na kama Dukhu angeacha kiendelee kidogo tu, mambo yangekwenda vingine. Lakini Dukhu alikuwa mtu mwangalifu, akauliza swali la kazi.

"Sasa wewe mbebaji wa miaka yote hiyo. Mkono wa kulia ulikuwa ukifanya nini?"

Panchu alitafuta namna nyingine ya kusema. Hakuiona.

"Ulikuwa umeshika mwavuli," alisema.

Kwanza alicheka mtu wa nyuma. Kisha baraza zima. Hakuna mtu juu ya tuta lile asiyeijua hadithi ya mwavuli. Jogesh mwenyewe aliijua, na masikio yake yakabadilika rangi. Mtu mmoja alinyoosha mkono juu, ngumi imefungwa, akatoa sauti nzito: "Ndugu wanachama!" Dawati lilivunjika.

"Sifanyi mzaha!" Panchu alipiga kelele. "Naapa kwa kaka yangu!"

"Ndivyo alivyoapa na ile ya daktari wa meno!"

"Panchu." Jogesh alikuwa amesimama. "Tunajua unampenda shemeji yako. Ni jambo jema, unataka kumfichia aibu. Lakini kuna mahali pa mzaha na mahali pa kazi. Kaa chini."

"Mwenyekiti, nisikilize."

"Kaa chini! Imepita. Katibu, andika."

Katibu, akijifuta machozi ya kicheko, akaandika.

Nje, Nirupama hakuwa amecheka. Alimngoja Panchu atoke, akamzuia kwa macho tu. Watu walipita wakimgonga mgongoni, "Wewe! Utatuua siku moja!" mpaka wakabaki wao na kikongwe.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, shemeji."

"Basi kosa halikuwa la shimo langu."

"Hapana. Shimo lako lilikuwa sawa. Mnunuzi aliuliza ni nani, na mimi nikasema ni mimi."

Nirupama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayepokea maelezo ya njia kutoka kwa mgeni.

"Nimekuwa nikinusa mikono yangu," alisema. "Kila siku nikiamka. Nimeisugua kwa majivu, nikaisugua kwa ndimu. Nikasema, Shasthi alikufa mikononi mwangu, na sasa hawa. Nikaanza kuogopa hata kumshika mtoto wa jirani." Alijifunika sari kichwani vizuri. "Nimemaliza kufunga mizigo ya kwenda Katwa. Mkunjo ni wako. Vigingi nimeviacha pale pale."

Akashuka tuta. Shangazi Khanto alibaki akimtazama Panchu kutoka chini kwenda juu, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alikosa tusi la kutosha.

*

Mdomo wake ulikuwa umempatia kula, umempatia mke, umempatia nafasi ya kukaa kwenye kila treni. Sasa alikuwa na neno moja tu alilotaka liaminike, na mdomo huo haukuwa na thamani ya ganda la karanga.

Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akachukua nyundo, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka mpaka juu ya mto.

Shefali alitoka aliposikia msumari wa kwanza ukilia.

"Unafanya nini? Panchu! Linavuja?"

Panchu aling'oa msumari wa pili.

"Shuka! Nimesema shuka! Ulishasema, wamecheka, basi! Imekwisha! Mungu amekuokoa na wewe unapanda kumfuata?" Alishika ngazi akaitikisa. Kisha akaona uso wa mumewe, akaacha kuitikisa, akaishika isitikisike. Alikuwa akilia kwa hasira. "Laiti ningeolewa na mwuza chumvi," alisema. "Chumvi haifi njiani."

Bati la kwanza liliteleza chini, likatua kwenye matope kwa kishindo. La pili na la tatu yakafuata. Watu waliokuwa wakitoka kikaoni walisimama. Wachache walicheka kidogo, kwa mazoea, wakimngoja aseme kitu. Panchu alishuka, akajitwika bati kichwani, akalipeleka mpaka turubai la Nirupama, akalilaza mbele ya mlango. Akarudi. Akachukua la pili. Alipofika mara ya tatu hakuna aliyekuwa akicheka tena, na matone ya mvua yalikuwa yameanza, makubwa, yameachana.

Panchu alipokuwa amepanda tena, Jogesh alifika na mwavuli wake. Kwa bahati mbaya hakuwa na kingine cha kujikingia, na kila mtu alitazama pembeni.

"Panchu, shuka hapo. Utateguka shingo. Mambo haya huzungumzwa."

"Si aliyazungumza?" Shangazi Khanto alijipenyeza mbele, kitambaa kichwani. "Hamkumwachia hata amalize! Haya, mniambie nyinyi wenye ndevu, mtu anayefanya mzaha ang'oe paa lake mvua ikija? Mkono wa nani uliua? Semeni! Mlipokuwa mnadhani ni wa mjane mlikuwa na midomo mipana kama ya magugu ya mtoni."

"Magugu hayana midomo, shangazi," mtu alisema.

"Na wewe huna akili, na bado unazungumza!"

Dukhu alitazama chini. Siku iliyotangulia alikuwa amemwekea Panchu mtungi wake kwa safari ijayo. Ulikuwa pale kando ya mlango wa Panchu, umeoshwa, tayari. Aliuchukua bila kelele, akauweka kwapani. "Safari hii nitapeleka mwenyewe," alimwambia Shefali, karibu kwa upole, na Shefali akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa alilijua hilo tangu ile siku ya mchele.

Jogesh aliuhamisha mwavuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Kikao kimefungwa," alisema. Hakuna aliyemsaidia. Mvua ikazidi. "Lakini kama kuna habari mpya… Nirupama anaweza kufunga wavu mkunjoni. Kwa msimu huu. Msimu ujao tutaona."

Hivyo tu. Hakuna aliyemwambia mwanamke yule pole, wala aliyekumbuka kusema kwamba mikono yake ilikuwa safi. Walitawanyika wakikimbilia maturubai yao, na mwavuli ukaenda nao.

Nirupama alikuwa amesimama mlangoni kwake wakati wote huo. Furushi la Katwa lilikuwa nyuma yake, limefungwa kwa kamba ya wavu. Alilitazama, akaliingiza ndani kwa mguu. Kisha akatoka kwenye mvua, akaja mpaka chini ya ngazi.

Panchu alikuwa juu, maji yanamtiririka machoni. Nyumba yake ilikuwa wazi kama sanduku. Aliona kitanda chao kinalowa, mto wa kulalia, picha ya mungu wa kike ukutani, sufuria za Shefali zikijaa. Shefali alikuwa akivuta turubai kuukuu kutoka uvunguni bila kumtazama mtu. Lilikuwa limebaki bati moja tu, la pembeni, lililokuwa juu ya kichwa cha kitanda. Chini ya bati hilo mtu mmoja angeweza kulala pakavu, akijikunja.

Alipumzika, nyundo mkononi. Hakumwomba kitu. Lakini alisubiri, na ndani ya kusubiri kule mlikuwa na matumaini madogo, machafu, ambayo alijua yapo na hakuyafukuza: kwamba shemeji yake, aliyempa pole siku ile, mwenye moyo ule, angeinua mkono aseme inatosha, acha, mkeo atalala wapi.

Nirupama aliinua mkono. Alikuwa akijikinga maji yasimwingie machoni ili aone vizuri.

"Bado lile la pembeni," alisema.

Panchu akageuza nyundo, akaanza na msumari wa juu.